Salamu Zilizomaliza Karatasi

Mimi barua nazijua. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, baba akaona inatosha akanirudisha kwenye ng'ombe, lakini ukubwani niliingia kisomo cha watu wazima nikahitimu, na cheti changu kilining'inia sebuleni juu ya redio mpaka mchwa walipokila kona moja. Kwa miaka mingi pale mtaani kwetu Igogo, kando ya ziwa, mwanamke akitaka kumwandikia mume aliyekwenda migodini au mtoto aliyeko jeshini, alikuja kwangu. Nilikuwa naacha kuanika dagaa, nanawa mikono kwa ndimu ili karatasi isinuke, nakaa. Barua yangu ilikuwa na adabu. Ilianza na salamu nyingi zisizo na idadi, ikaeleza kwamba huku hatujambo, wasiwasi ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yetu, ikamsalimia mama mkwe, ikawasalimia watoto mmoja mmoja, ikagusia mvua na mihogo, ndipo chini kabisa, karibu na jina, ikasema: tuma sabuni. Na sabuni ilikuja.

Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba nililoharibu sikuliharibu kwa ujinga. Niliharibu kwa kujua.

Mjukuu wangu nilimlea mwenyewe. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifariki mtoto akiwa darasa la tatu. Siku za mwisho pale wodini nilimwahidi kitu kimoja tu: huyu mtoto atafanya kazi ya kukaa kwenye kiti. Sikusema atakuwa tajiri, wala ataolewa na nani. Nilisema kiti. Maana mimi nimesimama maisha yangu yote. Kuanika dagaa ni kusimama, kugeuza dagaa ni kuinama, kufukuza kunguru ni kukimbia. Binti yangu naye alisimama hivyo hivyo. Miguu yetu ilikuwa imevimba kwenye vifundo kama viazi.

Mtoto akasoma, akamaliza kidato cha nne. Na hapo ndipo miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, ikatukuta.

Watu wanaikumbuka ruksa kwa mitumba na sabuni za kila rangi. Mimi naikumbuka kwa vibao. Zamani nilikuwa naweza kutembea kutoka Igogo mpaka sokoni nikisoma kila kitu njiani, duka la ushirika, ofisi ya kata, usitupe taka hapa. Nilikuwa nasoma kwa sauti, makusudi, watu wasikie. Mara vikaja viwanda vya minofu ya samaki kando ya ziwa, zikaja ofisi za wageni, maduka yakabadilisha majina, na kila kibao kipya kilikuwa Kiingereza. Nilisimama mbele ya vibao hivyo kama ng'ombe mbele ya geti jipya. Nilikuwa nimejifunza kusoma ukubwani kwa jasho, halafu nikarudishwa kwa wasiojua bila hata kuulizwa.

Siku moja mjukuu wangu akarudi kutoka ufukweni anahema. Kwenye lango la kiwanda kimoja wamebandika tangazo. Wanataka karani wa kike, aliyemaliza kidato cha nne, anayeweza kuandika Kiingereza kinachoeleweka. Wenye kutaka waende Jumatatu, wiki mbili zijazo, wakaandike maombi yao pale pale mbele ya wenye ofisi.

"Karani anakaa?" nikauliza.

"Karani si wa ofisini, bibi? Anakaa."

"Na hicho Kiingereza unakijua?"

Akaangalia chini. "Nakielewa. Kuandika ndiyo shida."

Nilipiga kofi pajani. "Miaka minne wamekufundisha kila kitu kwa lugha hiyo! Hata mihogo mmesoma kwa Kiingereza, mihogo ambayo ipo hapa nyuma ya choo!"

"Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, bibi, na sisi tunanakili. Ukinakili hukosei."

Basi. Miaka minne ya kunakili.

Nilikuwa na mpangaji, kijana mmoja mrefu kutoka Ukerewe, aliyekuwa anasoma ualimu kule Butimba. Alikuwa mwembamba mpaka shati lilimning'inia kama liko kwenye kamba. Nikamwita nikamwambia: utakula ugali kwangu kila jioni, na kila jioni kabla jua halijazama utamfundisha mtoto huyu kuandika. Akakubali kabla sijamaliza. Akatafuta kipande cha plaiwudi, akaponda makaa ya betri za redio zilizokufa, akachanganya na majani ya muhogo, akapaka. Ubao ukapatikana. Ukaegemezwa kwenye ukuta wa jiko langu, na mimi nikahamishia uchambuaji wa dagaa hapo hapo, nisikie.

Siku ya kwanza akamwambia mtoto aandike anachotaka kuwaambia wenye kiwanda. Mtoto akaandika, akaandika. Kijana akasoma, akatikisa kichwa.

"Dada, sentensi hii imetoka Igogo imefika Butimba haijapumua hata mara moja. Nukta iko wapi?"

"Mwisho."

"Mwisho wa nini? Wa dunia?"

Nilicheka mpaka dagaa wakamwagika. Lakini kicheko kiliisha upesi, maana masharti yalianza kushuka, na mimi kila sharti lilinikera.

Kwanza, kila sentensi ianze na herufi kubwa na iishe kwa nukta. Hilo nalijua, hata kisomo walitufundisha. Pili, katika kila sentensi awepo mwenye kutenda, asimame mbele peke yake, aonekane. Sisi tunasema "ameniita" na kila mtu ameshaelewa, aliyeita yumo ndani, aliyeitwa yumo ndani, na wakati umo ndani, kama familia iliyolala chumba kimoja. Wao hapana. Wanalichana neno vipande vipande kama anayepasua sangara, kichwa huku, mnofu kule, mifupa pembeni, halafu kila kipande wanakipa sahani yake.

"Hawa watu hawana umoja," nikasema.

"Bibi, ndiyo lugha yao."

"Ndiyo maana."

Tatu, kitendo kifanane na mwenyewe. Akiwa mmoja kinavaa hivi, wakiwa wengi kinavua. Hapo mjukuu wangu aliteseka. Akirekebisha hapa anasahau kule. Nne, ukianza na jana baki jana, usimwache msomaji jana halafu ukamkuta kesho. Tano, kuna vineno vidogo vinavyokaa mbele ya vitu, vidogo kama mbegu za nyanya, havina maana yoyote ninayoijua, lakini ukivisahau sentensi inachechemea. Mtoto aliuliza vina kazi gani. Kijana akafikiri sana, akasema, "Vinakaa tu." Nikamwambia hivyo ndivyo vilivyopata kazi ya kiti bila kuandika maombi.

Sita ndiyo ilikuwa kubwa kwa kijana: sentensi moja, jambo moja. Ukijiona unaandika "na" ya tatu, simama, weka nukta, anza upya. Alimfanya avunje zile sentensi zake ndefu kama kuni, fupi fupi, zinazoingia jikoni. Na nisimnyime haki yake: baada ya siku kumi mtoto alikuwa anaandika. Alikuwa anaandika ubaoni, anamtafuta mwenye kutenda kwa kidole, anatafuta kitendo, anatafuta nukta, anageuka kuniangalia. Nilikuwa sielewi hata neno. Lakini niliona chaki haisimami tena.

Ugomvi ulikuja siku ya Ijumaa. Kijana alimwandikisha maombi yote kama yatakavyokuwa, kisha nikamwomba anisomee kwa Kiswahili. Akasoma: Mheshimiwa. Naomba kazi ya ukarani. Nimemaliza kidato cha nne. Naandika vizuri na kwa uangalifu. Naishi karibu na kiwanda.

Nikangoja. "Endelea."

"Ndiyo imekwisha, bibi."

"Salamu ziko wapi?"

"Hazihitajiki."

Nilisimama na ungo mkononi. "Umeingia nyumbani kwa mtu, hujabisha hodi, hujauliza kama wameamka salama, unasema naomba? Huyu mtoto ana kwao! Watasema alilelewa na fisi."

"Bibi, lile neno 'mheshimiwa' ndiyo hodi yenyewe. Wazungu wana haraka. Jambo lako liwe mstari wa kwanza."

"Atakayesoma ni Mzungu?"

Akasita. "Labda ni Mwafrika wa ofisini."

"Basi Mwafrika huyo alizaliwa na nani? Hakufundishwa kusalimia?"

"Shikamoo yangu inatosha kwako, bibi, kwa sababu uko mbele yangu. Kwenye karatasi…"

"Kwenye karatasi ndiyo zaidi! Kwenye karatasi huonekani ukipiga goti!"

Akaanza kukusanya madaftari yake. Alikuwa anakula kwangu. Mjukuu wangu alikuwa ameshika kipande cha chaki, macho yanakwenda kwake, yanarudi kwangu.

Jumatatu asubuhi nilimpiga pasi gauni mwenyewe, pasi ya mkaa. Alipiga goti kuniaga kama nilivyomlea. Nikamshika bega nikamwambia: "Masharti yote ya mwalimu yafuate. Nukta zake, vineno vyake, vyote. Ila salimia kwanza. Umenisikia? Salimia kwanza kama mtu."

"Nimesikia, bibi."

Alirudi saa sita. Sikuwa hata ufukweni siku hiyo, nilishindwa kufanya kazi. Aliingia uani, akavua viatu, akaviweka sambamba, akakaa chini ukutani penye ubao. Hakulia. Nilitamani alie.

Ilikuwa hivi. Waliwakalisha wasichana kwenye mabenchi, kila mmoja akapewa karatasi moja yenye mistari kumi iliyopigwa kwa rula. Wakaambiwa: hapo hapo, isizidi, na karatasi ya pili hakuna. Mjukuu wangu akasalimia. Akaandika kwamba yeye hajambo. Nukta. Akaandika kwamba bibi yake hajambo. Nukta. Akaandika kwamba anatumaini wenye kiwanda hawajambo, na katika mstari mwingine familia zao. Akaandika kwamba mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Akaandika kwamba ziwa limetulia. Akaandika habari za mihogo, za dagaa, za majirani. Kila jambo sentensi yake, kama alivyofundishwa. Kila mwenye kutenda amesimama mbele. Hakuna "na" hata moja. Na kwa sababu sentensi zilikuwa fupi fupi, kila moja alianza mstari wake, ili isomeke. Alipofika kwenye maombi mistari ilikuwa imekwisha.

Aliyekuwa anakusanya alikuwa mama mmoja wa ofisini, mtu wa makamo mwenye miwani. Aliisoma pale pale, akamwita pembeni.

"Nani kakufundisha Kiingereza hiki?"

"Kaka mmoja mwanachuo."

"Mwambie nimempa hongera. Karatasi za wenzako nimezitia wino mwekundu mpaka kalamu inaisha. Yako haina kosa hata moja." Kisha akamrudishia. "Ila mwanangu, kazi hujaomba."

Mjukuu wangu alinisimulia hayo bila kupandisha sauti, halafu akasema, "Nilijua, bibi. Mstari wa tano nilijua nafasi haitatosha. Lakini ningeanzaje kukata salamu katikati? Ningemsalimia mwenye kiwanda nikaacha familia yake?"

Nilimwelewa. Maana hata mimi nisingeikata.

Kijana aliporudi kutoka chuoni alisikia habari, akaweka madaftari chini. Nilijiandaa kwa maneno yake. Nilikuwa na majibu yangu tayari mdomoni, makali. Badala yake alichukua kitambaa akaanza kufuta ubao, polepole, na huko kufuta kuliniuma kuliko kama angenitukana.

Hasira haikuisha usingizini, niliamka nayo. Nilikikasirikia Kiingereza kilichokuja kukaa kwenye lango la kiwanda kilichojengwa tulipokuwa tunaanika dagaa. Nilimkasirikia aliyepiga mistari kumi badala ya ishirini. Ningeweza kuendelea kukasirikia watu mpaka ziwa likauke. Lakini mwisho wa orodha nilikuwa nimekaa mimi mwenyewe na ungo wangu.

Baada ya siku mbili nikamwita mjukuu wangu. "Andika upya. Andika kama mwalimu alivyotaka. Maombi mstari wa kwanza."

"Na salamu?"

"Salamu nitazipeleka mimi, kwa miguu."

Akaandika. Karatasi aliipiga mistari kumi kama ile ya kiwandani, akatumia mitano, akabakiza mitano mitupu, nayo iliniudhi kuitazama, karatasi nzuri imeachwa wazi kama uwanja. Nikaikunja nikaitia kwenye bahasha, nikajifunga kitenge changu cha kanisani, nikaenda.

Langoni alikuwepo mlinzi, mzee wa makamo yangu. Akaniuliza nataka nani. Nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani, "Mwangaluka." Uso wake ukabadilika. Akaniitikia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, tukaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, mhola, mhola duhu, salama, salama tu, mpaka lori likapiga honi mara tatu nyuma yetu. Salamu ilipokwisha lango lilikuwa wazi. Nikajisemea: mnaona? Sikuwa nimekosea kila kitu.

Yule mama wa miwani alinipokea amesimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Watoto hawajambo? Waliokuzaa wapo?"

Akajibu moja baada ya jingine. Nikamuuliza kwao ni wapi, akasema Musoma, nikauliza samaki wa Musoma, akacheka. Nikampa bahasha. Kisha nikakunja mikono juu ya kitenge. Nikaona anangoja, anajua hawa bibi wakija na kitenge cha kanisani kuna jambo chini.

"Na shida yako, mama?"

"Sina shida. Nimekuja kukusalimia. Shida iko kwenye karatasi, imeandikwa mstari wa kwanza."

Akaifungua, akasoma. Haikumchukua muda, ilikuwa mistari mitano. Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye bibi ambaye hajambo?"

"Ndiye mimi."

Akaniambia ukweli, na ninamheshimu kwa hilo. Nafasi ya ile Jumatatu ilikuwa imekwisha kupata mtu. Lakini angeiweka karatasi hii juu ya nyingine. Niliondoka nikiwa sijaomba kitu kwa mdomo wangu, kichwa juu, miguu inauma.

Miezi mitatu ilipita. Mtoto alirudi kwenye mchanga kugeuza dagaa na mimi, na kila nilipomwona ameinama nilikuwa nageuka upande wa pili. Kijana alimaliza chuo, akapangiwa shule kwao Ukerewe, akaniachia ubao. Halafu siku moja mlinzi mwenyewe akaja mpaka uani kwangu, baada ya salamu zote akasema: mjukuu wako anaitwa, aje kesho asubuhi, ukarani.

Nilipiga vigelegele. Majirani wakaja. Nikawaambia wote: kiti, kiti, mjukuu wangu amepata kiti.

Siku ile ya kwanza nilitoa kigoda nje ya mlango mapema, nikakaa kumsubiri. Nilikuwa nimepanga atanisalimia, atapiga goti, halafu nitamwambia anisimulie tangu mwanzo, meza ikoje, kiti kina mgongo au hakina. Nikamwona anakuja kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amebeba viatu mkononi. Gauni lilikuwa limelowa mpaka magotini, na alikuwa ananuka sangara.

"Kiti kikoje?" nikauliza kabla hajafika.

"Hakuna kiti, bibi." Sauti ilikuwa imechoka. "Karani anasimama kwenye mizani, mitumbwi ikileta samaki. Anaandika na anasimama. Sakafu ni maji tu."

Masharti sita, wiki mbili za ugali, ubao wa betri, karatasi mbili, kitenge cha kanisani. Anasimama. Nilitazama vifundo vyake. Vilikuwa vimeanza kuvimba.

Niliinuka kwenye kigoda. Mjukuu wangu akajitupa juu yake, akanyoosha miguu, akafumba macho. Hakupiga goti. Hakusema shikamoo. Tangu ajue kuongea hajawahi kuingia uani kwangu bila kunisalimia.

Nikaenda jikoni kuchemsha maji ya miguu.